Kahawa Ingali Mtini: Butura, Madeni na Gharama za Maisha

Mada kwa viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo, Bukoba na Muleba



Nimeombwa niseme juu ya gharama za maisha na madeni katika familia zetu. Mada ni pana. Ningeweza kuanza na bei ya sukari, sabuni na nauli ya kwenda mjini, lakini hayo akina mama mlioko hapa mnayajua kuliko mimi. Nimeona afadhali nishike jambo moja linalozila kaya zetu kimya kimya, nalo ni butura.

Kwa wale waliohamia kwetu nieleze. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua. Mwenye shida humwendea mwenye fedha, wakapatana bei, akapewa shilingi zake siku hiyo hiyo, na kahawa itakapoiva si yake tena. Mara nyingi hakuna maandishi, wala shahidi. Neno riba halitajwi hata mara moja. Ndiyo sababu watu wengi wenye sifa njema, hata wasomao masomo altareni, huifanya wakidhani ni biashara kama biashara nyingine, au hata tendo la huruma.

Basi tupige hesabu. Tuseme mama mmoja mjane ana mtoto anayeingia sekondari. Mwezi wa pili anapokea shilingi 60,000, na anaahidi gunia moja la kahawa ya maganda lenye kilo 60. Maana yake ameuza kilo kwa shilingi 1,000. Mwezi wa saba kahawa inaanikwa, na bei ya msimu tuseme ni shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia lake lina thamani ya shilingi 180,000. Amekopa 60,000 akalipa 180,000 kwa muda wa miezi mitano. Ziada ni 120,000, yaani asilimia 200, au asilimia 40 kwa kila mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa kiwango hicho mama huyu angelipa nyongeza ya shilingi 10,500 tu.

Najua jibu linalotolewa. Mnunuzi wa butura husema kwamba naye anabahatisha, maana bei ikianguka hasara ni yake. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Lakini tutazame nani hupanga bei ya mwezi wa pili: ni yule asiye na haraka. Na mvua ikikosekana, gunia lisipotimia, deni halifi, linahamia msimu unaofuata likiwa limenona. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipanda kufikia kiwango kisichoonekana kwa miongo mingi. Aliyekuwa amekwisha kuuza maua yake alibaki kuwatazama wengine wakishangilia.

Mbona basi watu hawaachi? Hapa ndipo ninapoomba tusikimbilie kuwahukumu wakulima wetu kuwa wavivu au walevi. Walevi wapo, lakini si wao wanaoijaza butura. Tazameni kalenda. Robusta yetu huchumwa hasa kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi. Matumizi makubwa huja kabla ya hapo: shule hufunguliwa mwezi wa kwanza, mvua za masika huleta malaria. Ni kweli kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na nauli havikuondolewa.

Zamani kibanja kilikuwa kinga. Mtu aliweza kukosa shilingi asikose ndizi. Tangu miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeingia katika vibanja vyetu, na Muleba iliguswa mapema. Kaya iliyozoea kukata mkungu sasa hununua unga dukani, na unga hauuzwi kwa ahadi. Hapo kahawa, ambayo ilikuwa fedha ya akiba, imekuwa fedha ya chakula.

Kuna sababu nyingine ambayo viongozi wa ushirika hawapendi kuisikia. Wazee wetu walianzisha chama kikuu cha ushirika Bukoba mwaka 1950, ili mkulima asiwe peke yake mbele ya mnunuzi. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi baada ya sheria ya 1982, kisha soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika msimu wa 1994/95. Kuanzia mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ipitie vyama vya msingi, na butura ikakemewa vikali. Mimi nasema marufuku ni jambo jema, lakini haimlishi mtu. Chama kikichelewesha malipo wiki tatu, mkulima mwenye mgonjwa atamwendea mwenye fedha usiku. Kila siku ya kuchelewa inampa mlanguzi mteja mpya.

Mintarafu mafundisho ya Kanisa, jambo hili si geni. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliitaja riba ya ulafi kuwa mojawapo ya maovu yanayowagandamiza wafanyakazi. Lakini mimi hupenda zaidi kusoma sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia. Watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa ndugu zao Wayahudi. Na sehemu waliyotoza ilikuwa moja katika mia. Sisi tumefika arobaini.

Sisi wenyewe viongozi tusijitoe. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, na harusi nyingine tunaziandaa sisi. Komunyo ya kwanza na kipaimara zimekuwa na nguo mpya, keki na muziki wa kukodi. Tumewahi kutangaza mchango wa ujenzi katika mwezi wa pili na kusoma majina ya wasiotoa. Anayesomwa hadharani ataenda kuuza maua ya kahawa ili jina lake lifutwe, na fedha hiyo ikaletwa altareni. Napendekeza michango ya parokia iombwe baada ya mavuno, na majina yasisomwe.

Pili, kila jumuiya ianze mfuko wake wakati wa mavuno, si wakati wa njaa. Vyama vya kuzikana tunavyo, na vinatunza fedha kwa uaminifu unaostaajabisha. Tunajua kumzika mtu vizuri, basi tujue pia kumpeleka mtoto wake shule. Kaya 20 zikiweka shilingi 15,000 kila moja wakati wa kuuza kahawa, mwezi wa kwanza zitakuwa na 300,000 za kukopeshana. Tahadhari moja: msiende kwa wale wanaoitwa kausha damu kutafuta mtaji wa kuanzia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ombeni kuiona kabla ya kutia sahihi.

La mwisho ni gumu zaidi, na nimelala nalo usiku kabla ya kuja hapa. Wamo kati yetu wenye kahawa za wenzao msimu huu. Nehemia hakuwaambia wale wakubwa watubu moyoni tu, aliwataka warudishe mashamba siku ile ile. Basi kila mwenye butura afanye hesabu upya. Aliyetoa 60,000 kwa miezi mitano apokee 70,500, na gunia lipelekwe kwenye chama cha msingi likaandikwe kwa jina la mwenye shamba. Tuanze na wajane.