Pimeni Kina Kwanza

Walimu wenzangu, baba na mama mliouza mbuzi na maharage ili ada ipatikane, na ninyi wahitimu wa kilimo: hongereni.

Kuanzia kesho mtaitwa Injinia. Mkulima wa kwanza atakayewaita hivyo atawaonyesha shamba lake na kuwauliza lifanyiwe nini. Nataka kuzungumza juu ya shamba la aina moja tu, lile lenye udongo mwembamba na mawe mengi juu ya mwamba wa volkano, kwa sababu ndilo ambalo ushauri mbaya huliharibu upesi kuliko mengine, na likiharibika halirudi.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba volkano huleta rutuba. Ni kweli kwa majivu. Majivu ni chembe ndogo. Mvua na mizizi huyavunjavunja haraka, na vizazi vichache tu vya nyasi vinatosha kuyafanya udongo mweusi unaolimika. Lava iliyotiririka ikaganda ni jambo lingine. Ina potasiamu, kalsiamu na magnesiamu tele, lakini chakula hicho kimefungiwa ndani ya jiwe, na mzizi hautafuni jiwe. Ukipeleka kipande chake maabara, karatasi ya majibu itakuambia eneo hili ni tajiri. Ng'ombe anayelishwa pale hatakubaliana na karatasi hiyo.

Ili kuona udongo ukizaliwa, sisi wa Goma hatuna haja ya kusafiri. Volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, ikapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, kisha tarehe 22 Mei 2021. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikakata njia ya kurukia ndege, ikafika Ziwa Kivu. Ilifunika karibu asilimia 13 ya mji na kuwaacha watu takribani 120,000 bila makao. Wengi wenu mlikuwa wachanga au hamjazaliwa. Wazazi wenu waliokaa hapa hawajasahau. Wanajiolojia wataniambia, na wana haki, kwamba mawe ya Nyiragongo si basalti halisi: yana silika kidogo zaidi, ndiyo maana lava yake hukimbia upesi kuliko ya volkano nyingi duniani. Kwa mkulima tofauti hiyo ni ndogo. Tembeeni kutoka lava moja hadi nyingine mkitazama chini. Kwenye ile changa mtakuta likeni ya kijivu, kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja, mkaaji wa kwanza. Kwenye iliyozeeka kidogo, mimea inaanzia ndani ya nyufa, mahali vumbi na majani makavu yalipojikusanya. Udongo haufuniki mwamba kama shuka. Uko kwenye mifuko, hapa kiganja, pale goti, hatua moja mbele hakuna kitu.

Halafu kuna suala la maji, ambalo naona hatulifundishi vya kutosha. Goma hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini hakuna mto unaokatiza mji. Mvua inanyesha, inazama kwenye nyufa za lava, inapotea. Watoto wetu wanabeba bidoni kutoka ziwani huku barabara ikiwa bado imelowa. Mmea juu ya lava uko katika hali hiyohiyo ya mtoto mwenye bidoni.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Udongo mzuri wenye kina cha mita 1 huweza kushika karibu milimita 150 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Punguza kina kiwe sentimita 20: zimebaki milimita 30. Sasa toa nusu ya nafasi kwa ajili ya mawe, maana jiwe halishiki maji ya maana: zimebaki 15. Mmea unaotumia milimita 5 kwa siku humaliza akiba hiyo kwa siku 3. Siku ya nne maharage yanaanza kulegea, hata kama wiki iliyopita mvua ilitutia hofu ya mafuriko. Mfuko wa mbolea hauongezi hata milimita moja kwenye hesabu hii.

Uainishaji wa kimataifa huuita udongo huu Leptosoli: mwamba mzima unakutwa ndani ya sentimita 25, au mawe ni mengi mpaka udongo laini haufiki sehemu moja ya tano. Mliandika hivyo kwenye mitihani. Nawaomba mkumbuke hivyo mkiwa na jembe mkononi.

Baadhi yenu mtafanya kazi mbali na hapa, na huenda mkafika nchi kavu za wafugaji. Kaskazini mwa Kenya, kati ya Marsabit na Moyale, upo uwanda wa Dida Galgalu, basalti nyeusi iliyotapakaa hadi upeo wa macho. Wagabra huchunga ngamia, mbuzi na kondoo katika nchi hiyo. Basalti ikioza hutoa mfinyanzi, kwa kuwa haina kwatzi ya kutoa mchanga. Kwa hiyo udongo ulioko kati ya mawe ni mzito na wenye lishe. Lakini mahali pakavu mvua haitoshi kuiondoa chokaa, na mara nyingi hubaki chini ikaganda kuwa tabaka jeupe ambalo mizizi hailipenyi. Nyasi huota upesi baada ya mvua, ni tamu kwa mifugo, kisha zinakwisha. Mfugaji anayehama hafanyi ukaidi. Anaifuata hesabu ileile ya milimita 15, aliyoijua kabla ya chuo chochote kufunguliwa.

Mgeni mwenye bidii akifika pale, jambo la kwanza analotaka ni kuondoa mawe. Mzuieni. Jiwe lililo juu huvunja nguvu ya tone la mvua, hupunguza mbio za maji, na huweka kivuli ambamo mbegu inaweza kuchipua. Kama ni lazima yasogezwe, yapangwe kwa mistari inayokatiza mteremko, udongo upate pa kusimama. Na msihesabu mifugo kwa mwaka wa mvua nzuri. Nyasi zikiliwa hadi mzizi, udongo laini hutangulia na maji na upepo, mawe hubaki peke yake. Sentimita 10 zikiondoka kwenye udongo wa Masisi wenye kina, ni hasara. Zikiondoka kwenye udongo huu mwembamba, shamba limekwisha, na hakuna aliyepo katika ukumbi huu atakayeishi kuona lingine likizaliwa.

Tukirudi hapa kwetu, kuna jambo moja la uhai, kwa wale watakaofanya kazi na wachungaji upande wa Bulengo na Sake. Kwenye mabonde madogo ya lava kuna mazuku: kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, isiyoonekana, inayotuama usiku na alfajiri upepo unapotulia. Inaua mbuzi, inaua ng'ombe, inaua mtoto aliyemfuata mbuzi. Ramani yoyote ya malisho mtakayochora isiyoonyesha mabonde hayo ni ramani ya hatari.

Wazee wa vijiji vya chini ya Nyiragongo wanajua kila mfuko wa udongo ulipo. Waulizeni kabla ya kufungua daftari. Kisha chimbeni shimo, pimeni kina, kadirieni mawe, andikeni tarehe na mahali, na nakala mrudishe hapa kitivoni, ili wadogo zenu wasianze upya kila mwaka. Ushauri wa mbegu na mbolea uje baada ya hapo.

Kazi hiyo inaanza Jumatatu. Mungu awatangulie, mainjinia.