Jengo Ni Sauti ya Tano
Hotuba ya Katibu wa Kwaya

 

Kwaya yetu ina sauti nne. Leo nataka tuikumbuke ya tano: jengo tunamoimbia.

Wengi wetu tumeingia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote kule mjini. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na ujenzi ukakamilika 1952. Aliyelichora, Temple Moore, alikuwa Mwingereza, akafuata mtindo wa makanisa makuu ya kwao: kuta za mawe, matao yenye ncha, paa lililo juu sana. Ukiimba humo, sauti hugonga jiwe na kurudi. Hubaki hewani hata ukishafunga mdomo.

Waingereza walijifunza kuimba pamoja na mwangwi huo. Katika makanisa yao makuu kwaya hukaa pande mbili zikitazamana. Upande mmoja huimba aya ya zaburi, wa pili hupokea. Thomas Tallis, aliyefariki 1585, alitunga wimbo wa sauti 40: kwaya 8, kila moja sauti 5. Wimbo wa namna hiyo ukikimbizwa ndani ya mawe, maneno hugongana.

Sisi wa Eastlands tumelelewa na mabati. Yametufundisha kutamka vizuri na kutoogopa kelele za matatu. Lakini mvua inatushinda. Mnakumbuka tulivyomsindikiza mmoja wa waanzilishi wetu. Tulianza wimbo alioupenda, mvua ya Aprili ikashuka. Tuliimba beti zote. Mjane wake, aliyeketi mbele kabisa, aliniambia baadaye, "Mwanangu, niliona midomo tu."

Neno hilo halijanitoka. Kamati imependekeza sadaka ya jubilii inunue spika kubwa zaidi. Naiheshimu kamati, nami nimo ndani yake. Lakini spika itashindana na mvua tu, na masikio yetu ndiyo yataumia. Naomba tuanze na dari chini ya mabati. Kanisa la mjini lilichukua miaka 35. Sisi tukienda ubao kwa ubao, hatutachelewa.

Siku hiyo mvua ikinyesha, tutaurudia wimbo ule, na mama yetu ataketi palepale mbele.