VITAMBAA VYA BETLEHEMU
Somo kwa nyumba inayongojea mtoto



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza Sakramenti ya Ndoa na kazi ya baba na mama wakristu. Leo twaenda mbele hatua moja. Twataka kusema na nyumba ambamo mama amebakiza majuma machache tu ajifungue. Ninyi akina baba, msizime redio, wala msitoke nje mkidhani ya kuwa somo hili ni la wanawake peke yao. Sehemu kubwa ya maneno ya leo ni yenu.

Tuanze kwa Injili. Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Bikira Maria, alipomzaa Mwanawe wa kwanza, alimvika vitambaa akamlaza katika hori la kulishia wanyama. Kila Noeli twatazama hori lile, twawatazama wachungaji na malaika, lakini ni mara chache tunafikiri juu ya vitambaa. Betlehemu haikuwa makazi yao Yosefu na Maria. Walikuwa wametoka mbali, Nazareti, kwa sababu ya amri ya kuandikwa kwa watu. Hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Kitanda kilikosekana, nyumba ilikosekana, jamaa walikosekana, vitambaa havikukosekana. Mama yule, aliyemtumainia Mungu kupita viumbe vyote, hakusema: "Mungu atatoa, mimi sina haja ya kutayarisha." Alimtumainia Mungu, na vitambaa vilikuwapo. Hayo mawili hayapingani.

Kwa nini twaanza hapo? Kwa sababu vijijini mwetu wako watu wanaosema: "Usimtayarishie mtoto nguo kabla hajazaliwa, mchawi asije akasikia. Usitaje mwezi wa kuzaa, mwenye wivu asije akaufunga mlango." Basi mama hukaa na siri yake, hata saa ya uchungu imfikie mikono mitupu. Wapenzi wakristu, tulipobatizwa tuliulizwa kama twamkataa Shetani na mambo yake yote, nasi tukajibu kwamba twamkataa. Mtoto aliye tumboni ni kiumbe cha Mungu, na Mungu anamjua kabla sisi hatujamwona. Kitambaa kilichofuliwa na kukunjwa hakimwiti mchawi. Wivu wa jirani haumwui mtoto. Baridi humwua, uchafu humwua, na kuchelewa kumfikia mkunga humwua.

Sasa tutazame jambo la pili, nalo ni mzigo. Injili hiyo hiyo yatueleza kwamba Maria aliposikia habari ya Elizabeti, jamaa yake, kuwa ana mimba ya miezi sita, aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milima, akakaa naye yapata miezi mitatu. Hesabuni wenyewe: sita na tatu ni tisa. Alikaa naye katika ile miezi ambayo mgongo wa mama huuma na miguu huvimba. Sisi nasi ni watu wa milima. Nani asiyemjua mama wa kwetu apandaye kilima kutoka shambani, mzigo wa mihogo na kuni mgongoni, kamba imekaza juu ya paji la uso, na tumbo mbele yake? Na nyuma yake, mara nyingine, mumewe atembea mikono mitupu, akizungumza na rafiki.

Baba, twakuuliza mbele ya Mungu: mtoto aliyebebwa mbele ni wa nani? Ikiwa ni wako, basi mzigo wa mgongoni nao ni wako. Mtu asikuambie ya kuwa ni aibu kwa mwanamume kuchota maji au kubeba kuni. Yosefu alikuwa mwanamume, tena wa ukoo wa Daudi, naye hakuona aibu kumtumikia mkewe njiani. Na ninyi wa jumuiya hai, msingoje mtoto azaliwe ndipo mje na zawadi na nyimbo. Fanyeni kama Maria: nendeni mapema. Debe moja la maji kila asubuhi kwa mama aliye katika mwezi wa nane ni sala nzuri kuliko hotuba ndefu.

Jambo la tatu ni mahali pa kuzalia na njia ya kufika. Mama na apimwe tangu miezi ya kwanza. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2016 kwamba mama mwenye mimba aonane na mganga au mkunga walau mara nane. Huko atachanjwa pepopunda na kupewa dawa ya kuongeza damu. Atapewa pia dawa ya kuzuia malaria, ambayo kwa mama wengi huanza mwezi wa nne na kurudiwa walau mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine upite mwezi mmoja. Karta yake ikae mahali pamoja, pajulikanapo na watu wote wa nyumbani.

Twajua ya kuwa wengine wanaogopa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa huku kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, nao uliua watu zaidi ya 2,200. Siku zile uvumi ulikuwa mwingi, na vituo vya kuwatibu wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019. Hofu ile bado imelala ndani ya mioyo ya wengine. Hatuwacheki. Lakini twawaambia wazi: damu ikianza kumtoka mama usiku, uvumi hauwezi kuizuia. Mkunga aliyefundishwa, mwenye dawa na mikono safi, aweza.

Njia nayo ina taabu zake. Mvua huharibu barabara. Tena katika eneo la Beni, tangu Oktoba 2014, watu wengi wameuawa, na jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao. Kusafiri usiku kwaweza kuwa kifo. Ndiyo sababu twasema: anayekaa mbali asingoje uchungu. Majuma mawili au matatu kabla ya wakati, mama aende kukaa kwa jamaa au kwa mkristu mwenzake aliye karibu na kituo cha afya. Nanyi mnaokaa karibu na hospitali, katika Butembo, Beni, Oicha, Kyondo au Musienene, sikieni: Betlehemu haikuwa na nafasi. Je, nyumba yako ina nafasi? Mkeka mmoja wakutosha kuwa mtu wa Injili.

Baba na atayarishe mapema mambo manne. Kwanza, fedha: katika mauzo ya kahawa, ya kakao, ya viazi au ya maharagi, aweke kando sehemu kila siku ya soko, wala asiiguse kwa ajili ya pombe. Pili, chombo cha safari: apatane mapema na mwenye pikipiki, au na vijana watakaombeba mama juu ya machela. Tatu, mtu wa kumsindikiza, na mwingine wa kubaki na watoto. Nne, watu wawili walio tayari kutoa damu ikihitajika. Haya yote yapangwe mchana, kwa utulivu. Usiku wa uchungu si saa ya kuanza kutafuta.

Mama naye atayarishe kifurushi chake: vikwembe viwili safi, vitambaa laini vilivyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, blanketi na kofia ya mtoto, sabuni, wembe mpya usiofunguliwa, nyuzi safi za kufungia kitovu, na chandarua. Katika Butembo, mahali palipopita mita 1,700 juu ya bahari, baridi ya usiku ni adui wa mtoto mchanga. Katika Beni na Oicha, kwenye joto zaidi, mbu ndiye adui.

Mtoto akizaliwa, apanguswe vizuri na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa pamoja naye. Anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya kwanza yaliyo manjano si machafu, wala hayamwagwi. Ni kinga ya kwanza ambayo Mungu amemwekea. Kuogeshwa kwaweza kungoja siku moja. Kitovu kisipakwe majivu wala majani. Wala mama asinywe dawa za majani za kuharakisha uchungu, kwa maana zaweza kukaza tumbo kupita kiasi hata likapasuka ndani.

Tena shikeni kwa moyo hatari hizi. Mama akitokwa na damu. Akiumwa kichwa sana na macho yakaona giza. Akivimba uso na mikono. Akishikwa na kifafa. Akiwa na homa kali. Akihema kwa shida. Maji yakimvunjika kabla ya wakati. Au mtoto akiacha kucheza tumboni: msingoje asubuhi, msiite kwanza baraza la ukoo. Nendeni.

Jambo la nne ni la roho. Eklezya inayo baraka kwa mama anayekaribia kuzaa. Mwombeni padri awape. Ni vizuri mama aungame na kupokea Ekaristi katika majuma hayo, na baba pamoja naye. Sheria ya Eklezya yataka wazazi wamfikie padri mara baada ya kuzaliwa mtoto, au hata kabla, ili mtoto abatizwe katika majuma ya kwanza. Chagueni basi mapema msimamizi wa ubatizo: mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi kama mkristu. Msimchague kwa ajili ya mbuzi atakayeleta.

Na mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa? Hapo mtu yeyote aweza kumbatiza: mama, baba, mkunga, hata asiyebatizwa, akikusudia kufanya lifanywalo na Eklezya. Atwae maji ya kawaida, yaliyopashwa moto kidogo kama ni baridi, ayamimine juu ya kichwa cha mtoto huku akisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hayo yatosha. Mtoto akipona, hatabatizwa tena. Apelekwe kanisani kwa madhehebu yaliyobaki. Kila mtu wa nyumba na ajifunze maneno haya kabla ya saa ile.

Labda wako akina mama wanaotusikia wakilia, kwa maana mtoto wao alikufa kabla ya kupata maji. Dada zetu wapenzi, sikieni neno hili. Katekisimu ya Eklezya ya mwaka 1992 yafundisha kwamba watoto hao twawakabidhi kwa huruma ya Mungu, ambaye ataka watu wote waokoke, na kwa upendo wa Yezu aliyewaita watoto wadogo waje kwake. Msiwatafute kwa waganga wa pepo. Watajeni katika sala zenu.

Hata desturi yetu ya majina yatusaidia kufahamu. Kwetu Wanande, Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mvulana wa kwanza akifa mchanga, Kambale haachi kuwa Kambale. Jina lake lashuhudia kila siku ya kuwa mwingine alimtangulia. Ikiwa hesabu ya nyumba ya duniani haimsahau mtoto, je, Baba wa mbinguni atamsahau?

MAULIZO

Swali: Je, kutayarisha ni kukosa imani?
Jibu: Hapana. Bikira Maria aliamini, na vitambaa vilikuwapo.

Swali: Mzigo wa mama mwenye mimba ni wa nani?
Jibu: Ni wa mumewe kwanza, na wa jumuiya yote.

Swali: Anayekaa mbali na kituo cha afya afanye nini?
Jibu: Ahamie karibu kabla ya uchungu, na wakristu wa pale wampokee.

Swali: Nani aweza kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa?
Jibu: Mtu yeyote anayekusudia lifanywalo na Eklezya, kwa maji na kwa maneno ya ubatizo.

AZIMIO LA JUMA

Baada ya somo hili, kila jumuiya hai itaje kwa majina akina mama wenye mimba waliomo. Kwa kila mmoja achaguliwe mtu wa kuchota maji, na nyumba moja ya kumpokea. Msiagane kabla hamjamaliza kazi hiyo.

Tusali sasa: Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa Maria na Yosefu, uwalinde akina mama wanaongoja saa yao, milimani, njiani na ugenini. Utupe mikono ya kubeba mizigo yao, na milango ya kuwafungulia. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Atukuzwe Yezu Kristu, sasa na siku zote.