Umemeza Nini?

(Hotuba ya redioni. Somo: 2 Wafalme 20:1-7)



Mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya unaposhuka juu ya mashamba ya chai, kutoka Embu hadi Meru, makanisani mwetu kikohozi husikika kuliko nyimbo. Wengi wetu hupita dukani kununua vidonge vya mafua, vile vilivyochanganywa dawa mbili tatu ndani ya kidonge kimoja. Je, Mkristo akifanya hivyo amekosa imani? La, hasha. Mfalme Hezekia alipougua alimlilia Mungu, naye Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa vilikwenda pamoja. Wazee wetu waliliona jambo hilo kwa macho yao tangu Daktari Archibald Irvine alipoanza utabibu wa misheni huko Chogoria mwaka 1922.

Lakini na tuungame kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulishikwa na mafua Jumamosi, na kesho yake tulikuwa na ibada mbili. Tukameza vidonge vya mafua. Kichwa kilipozidi kuuma tukaongeza Panadol, na usiku tukanywa dawa ya maji ya kikohozi. Asubuhi tukarudia yote, kisha tukapanda pikipiki, mzee wa kanisa akiwa nyuma yetu. Kwenye mteremko macho yakafumba. Mzee alipiga kelele, nasi tukazinduka gurudumu likiwa ukingoni mwa mtaro. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Baba Mchungaji, umemeza nini?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu, swali hilo ndilo somo letu leo. Ndani ya vidonge vingi vya mafua mna parasetamoli ya kutuliza homa na maumivu, dawa ya kuzibua pua, na dawa ya kukausha makamasi ambayo mara nyingi huleta usingizi. Panadol nayo ni parasetamoli ile ile. Basi anayemeza vyote viwili amemeza dawa moja mara mbili, ingawa majina ni tofauti. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu kila dawa aliyotumia. Ikizidi huharibu ini, na maumivu hayatangulii kumwonya. Dawa ya kuzibua pua yaweza kumpandishia presha mwenye ugonjwa huo. Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe michanganyiko hii bila agizo la daktari, na mama mjamzito aulize kwanza.

Tena tujue kwamba dawa hizi haziponyi mafua. Hutuliza tu, mpaka mwili alioumba Mungu umalize kazi yake, kwa kawaida katika siku 7 hadi 10. Wala viuavijasumu havifai kitu hapo, maana mafua huletwa na virusi. Lakini mtoto akihema kwa haraka au kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Na ndugu zetu wa Mbeere na Tharaka, msiite kila homa mafua, pimeni malaria.

Isaya hakumrundikia mfalme kila dawa ya Yerusalemu. Alitaja moja, akajua ni ya nini. Mtume Paulo naye ahesabu kiasi kuwa tunda la Roho. Basi kabla ya kumeza, soma karatasi ya dawa. Kama huwezi kusoma, mwambie kijana wako akusomee, au muulize mwenye duka la dawa bila haya. Mwili huu ni hekalu. Mlinzi wa hekalu huuliza ni nani anayeingia.

Tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa dawa na kwa wanaozitengeneza. Utupe unyenyekevu wa kuuliza na moyo wa kiasi. Uwaponye wagonjwa wetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.