Kingatiba Si Chanjo: Kwa Nini Mtoto Ameze Tena Dawa ya Kichocho



Kila zoezi la kumezesha kingatiba shuleni linapokaribia, huzuka swali linalostahili jibu: mtoto aliyemeza dawa ya kichocho mara iliyopita ana sababu gani ya kumeza tena? Je, hakukingwa?

Jibu limo katika tofauti kati ya dawa na chanjo. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa katika mishipa ya damu. Haiui vizuri minyoo michanga, wala haibaki mwilini kuwangoja watakaoingia baadaye. Mtoto akirudi kwenye maji yenye maambukizi, vimelea vilivyotoka kwa konokono huipenya ngozi yake upya. Minyoo hiyo huweza kuishi mwilini kwa miaka mingi, na mayai yake ndiyo yanayoumiza ini, matumbo na kibofu.

Hadi sasa hakuna chanjo ya kichocho wala ya minyoo ya tumbo iliyoidhinishwa kutumika kwa binadamu. Kazi hiyo ni ngumu. Mnyoo wa kichocho hubadili umbo katika kila hatua ya maisha yake, kisha hujifunika chembechembe za damu ya mwenyeji wake, mfano wa mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Kinga ya mwili humpita bila kumtambua.

Hata hivyo, mwili hujifunza. Mjini Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya pamoja na wenzao wa Marekani waliwafuatilia waosha magari wanaofanya kazi wakiwa wamesimama ziwani. Kila walipoambukizwa walitibiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walikawia zaidi kuambukizwa tena. Wengine waliendelea kuambukizwa kama awali. Wataalamu wanaeleza kwamba mnyoo anapokufa kwa dawa, sehemu zake zilizofichika hufunuliwa, na mwili hupata nafasi ya kutengeneza kingamwili dhidi yake. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yanayowaongoza watafuta chanjo, na tayari chanjo za majaribio zimefikia hatua ya kujaribiwa kwa watu, ikiwemo nchini Senegal.

Basi neno kingatiba lisimdanganye mzazi. Mpaka chanjo ipatikane, kinga ya Nemba iko mikononi mwa wakazi wake. Mtoto ale kwanza, kisha ameze dawa kila zoezi linapofanyika. Kila kaya iwe na choo na ikitumie, kwa kuwa yai lisilofika majini halimfikii konokono. Na yeyote anayekojoa damu au kupata choo chenye damu asiusubiri mwaka ujao. Aende kituo cha afya apimwe.