Deni la Zamani na Mgonjwa wa Leo



Mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966 ulikoma Oktoba 2024, ukaziachia hospitali madai ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Mnamo Machi 2025 Rais Ruto aliahidi kwamba zile zinazodai shilingi milioni 10 au pungufu zitalipwa. Madai makubwa yahakikiwe kwanza.

Deni hilo si la mgonjwa, lakini humfikia. Hospitali isiyolipwa hukosa dawa, ikamtaka alete fedha taslimu. Hivyo mfanyakazi wa Kitengela, aliyekwisha kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, hulipa mara mbili. Na mfugaji wa Kajiado, atakiwaye mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, huuza mbuzi wa pili. Twaomba kila atozwaye adai stakabadhi, amletee katibu wetu, tuifikishe kwa wakuu wa kaunti.