Uzi wa nyavu kwenye propela

Katika wilaya 5 za mkoa wetu wa Simiyu, ni Busega peke yake inayopakana na Ziwa Victoria. Leo nazungumza na ninyi mnaoshusha mitumbwi ya injini pale Lamadi na mialo ya jirani.

Kipande cha uzi wa nyavu kikijisokota nyuma ya propela, hukioni. Kinakata sili taratibu, maji yanaingia kwenye gia, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Ukiiona rangi hiyo usiingie ziwani. Muone fundi abadilishe sili. Gia ikisagika, gharama yake mnaijua.

Haya, shika spana. Zima injini, chomoa waya wa plagi. Toa pini, fungua nati, vuta propela. Ondoa uzi wote, futa shafti kwa kitambaa, kisha paka grisi isiyoondolewa na maji kwenye meno yake. Rudisha washa kwa mpangilio uleule, na pini iwe mpya.

Oili nayo: fungua skrubu ya chini, halafu ya juu, imwagikie yote kwenye dumu. Jaza mpya kutokea chini mpaka ichungulie juu. Ukijazia juu, hewa inabaki ndani na gia inakosa oili. Funga ya juu kwanza, ndipo ya chini.

Dumu la oili chafu mpelekee fundi wa gereji, ndugu zangu. Mwaloni watu wanachota maji ya kunywa.